Bia chachu ya pasheni: bakteria kwanza, hamira baadaye

Togwa ikifika siku ya pili kwenye ndoo, hapa Moshi hakuna anayehitaji kuambiwa kinachoendelea. Inatoa vipovu, inanukia kama mtindi, na ukionja taya zinabana. Wanaofanya kazi hiyo ni bakteria wa jamii ya Lactobacillus. Wanakula sukari ya nafaka na kutoa asidi laktiki, ileile inayogandisha maziwa. Bia inayoelezwa hapa inawatumia bakteria haohao, ila wamewekewa mipaka: wanapewa maji ya kimea yaliyochemshwa, joto wanalolipenda, na siku moja au mbili za kazi. Uchachu ukifika panapotakiwa, sufuria inarudi motoni na wote wanakufa. Hapo ndipo hamira inaingia, na matunda baada yake.

Ili tuelewane, mwongozo huu unatenganisha maneno mawili. Kutia uchachu ni kazi ya bakteria. Kuumua ni kazi ya hamira, yaani kugeuza sukari kuwa kilevi na gesi. Vipimo vyote ni vya lita 20 za kunywa nyumbani. Pombe ya kuuza ina leseni na taratibu zake.

Kwa nini bakteria watangulie

Mtu anaweza kuwaweka bakteria na hamira pamoja siku moja, na bia itatoka. Lakini hamira hula sukari upesi, kilevi kikipanda bakteria wanazubaa, na hakuna ajuaye uchachu utaishia wapi. Baya zaidi, bakteria wanabaki hai ndani ya bia. Wanaingia kwenye mikwaruzo ya ndoo ya plastiki na ndani ya mpira wa kuhamishia, na bia ya kawaida utakayopika mwezi ujao itachacha bila kuombwa. Wakitangulia peke yao, unawasimamisha kwenye namba unayoitaka, na moto unasafisha njia.

Kuna unachokosa. Uchachu wa namna hii ni safi na mnyoofu, hauna zile harufu nzito za bia za Ubelgiji zinazolazwa kwenye mapipa kwa miaka. Kwa bia ya matunda hiyo ni faida, maana pasheni au embe linasikika lenyewe.

Sheria moja haina mjadala: hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zisiguse maji ya kimea kabla ya uchachu kukamilika. Asidi chungu za hopsi ndizo zinazozuia Lactobacillus, na hata kiasi kidogo kinatosha kuwalaza. Sufuria iliyopika bia yenye hopsi wiki iliyopita ioshwe mpaka isinuke.

Vyombo, na tatizo la aluminiamu

Unahitaji sufuria ya lita 40, mfuko mkubwa wa kitambaa cha neti (pazia jepesi la neti likishonwa vizuri linafaa), ndoo mbili za lita 30 za plastiki ya chakula zenye mifuniko, mpira mwembamba wa kuhamishia, haidromita (inapima sukari iliyomo; maji matupu husoma 1.000), kipimajoto na kipima pH (pH ni namba ya uchachu: ikishuka, uchachu umepanda).

Sufuria nyingi kubwa zinazouzwa kwenye masoko yetu ni za aluminiamu. Kuchemshia maji ya kimea humo hakuna shida, maana pH yake ni kama 5.3. Kuyalaza humo siku mbili yakishuka hadi 3.4 ni jambo jingine kabisa. Asidi inakula lile tando la kijivu linaloikinga sufuria, aluminiamu inaingia kwenye kinywaji, na ladha inakuwa ya bati. Kwa hiyo, kama huna sufuria ya stenlesi, chemsha kwenye aluminiamu, poza, kisha hamishia kwenye ndoo ya plastiki ili bakteria wafanyie kazi humo. Kuchemsha mara ya pili kwa dakika 15 kwenye aluminiamu kunavumilika, kama tunavyopika nyanya. Kulaza ndiyo hapana.

Ukiwa na fedha ya kununua chombo kimoja tu kizuri, nunua kipima pH cha betri pamoja na vimiminika vyake viwili vya kurekebishia, cha 4.01 na cha 7.00. Kirekebishe kila siku ya kazi, na sampuli ipoe hadi nyuzi 25 kabla ya kupima. Karatasi za kupimia za 1 hadi 14 hazisaidii, kwa sababu tofauti kati ya 3.3 na 3.7 ni tofauti kati ya bia kali na bia pole, na karatasi hizo zinaonyesha rangi moja. Karatasi za mvinyo, zinazopima 2.8 hadi 4.4, zinakubalika.

Kila kitakachogusa maji ya kimea baada ya kuchemshwa lazima kisafishwe na kuuliwa vijidudu. Plastiki iloweke dakika 20 kwenye maji yenye jiki, mililita 15 kwa lita 5, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Harufu ya jiki isibaki hata kidogo. Vyombo vya chuma visilowekwe kwenye jiki, inavitoboa taratibu. Hivyo vimwagie maji yanayochemka.

Maji

Wa Moshi hana kazi kubwa hapa. Maji ya bomba yanatosha. Yakiwa na klorini yaweke wazi usiku kucha au yachemshe kwanza, vinginevyo klorini ikikutana na kimea inaleta ladha ya dawa ya hospitali isiyotoka tena.

Wa Arusha aangalie zaidi. Maji mengi yanayotoka kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi na yana magadi ndani yake. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwenye sufuria inakolea. Magadi nayo yanapandisha pH ya kimea, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinafanya kazi kwa shida, na utahitaji asidi nyingi zaidi kushuka. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au maji ya dukani yanayoonyesha floraidi ndogo kwenye karatasi ya chupa.

Usishangae pia kipimajoto kikikataa kufika 100. Moshi mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Arusha, iliyo kwenye mita 1,400, ni kama 95. Inatosha kabisa kwa kazi hii.

Kimea

Kilo 2.7 za kimea cheupe cha shayiri na kilo 1.5 za kimea cha ngano, vyote vimepasuliwa, si kusagwa unga. Punje igawanyike vipande vitatu au vinne na ganda libaki zima. Ngano ipo kwa sababu ya povu, maana asidi inaua povu na protini za ngano zinalirudisha kidogo. Asiyetaka kuhangaika na nafaka atumie kilo 2.4 za kimea kilichokamuliwa na kukaushwa kuwa unga, akikoroge kwenye lita 21 za maji na kuruka hadi hatua ya kuchemsha.

Kimea cha ulezi, kile kinachouzwa kwa ajili ya mbege, kinaweza kuchukua nafasi ya gramu 800 za shayiri. Kinaleta wekundu na ladha ya udongo inayopatana na ukwaju, ila na pasheni wanagombana. Wanga wa ulezi unahitaji joto kubwa zaidi kuliko wa shayiri ili ulainike, kwa hiyo kipike kwanza uji kwa dakika 15 kwenye lita 4 za maji, ukiyatoa kwenye hesabu ya maji ya hatua ya 2, kisha kichanganye na kimea kingine. Msesewe, lile gome chungu la mti, uachie mbege.

Hatua ya 1: kiamshio, siku mbili kabla

Bakteria wachache kwenye sufuria kubwa wanachelewa, na katika kuchelewa huko wadudu wengine wanapata nafasi. Watayarishe kwanza kwenye lita moja.

Chemsha lita moja ya maji ya kimea kwa dakika 10. Ukitumia kimea cha unga, gramu 100 zinatosha. Poza hadi nyuzi 38, kisha tia matone ya asidi laktiki hadi pH ishuke karibu na 4.5. Halafu weka bakteria. Wanapatikana kwa njia tatu, na hazilingani.

Ya uhakika zaidi ni vidonge vya bakteria wa tumbo vinavyouzwa maduka ya dawa, lakini soma maandishi. Unatafuta Lactobacillus plantarum. Siku hizi wengine wanaandika Lactiplantibacillus plantarum, ni yuleyule. Fungua vidonge vitano, mwaga unga wake ndani. Epuka vidonge vyenye Saccharomyces boulardii, kwa sababu hiyo ni hamira.

Ya pili ni togwa ya nyumbani iliyochacha vizuri, mililita 100. Plantarum wamo humo, lakini wamo pia bakteria wanaotoa gesi na hamira za porini. Togwa nzuri inatoa bia nzuri sana, yenye harufu ambayo kidonge hakiwezi kuileta. Isipokuwa nzuri, utaanza upya.

Ya tatu ni mtindi wa dukani, na hii wengi huikimbilia bure. Bakteria wa mtindi wa kawaida, Lactobacillus bulgaricus, wamezoea sukari ya maziwa. Sukari kubwa ya kimea ni maltosi, na hiyo hawaiwezi. Watakula glukosi kidogo iliyopo, pH itashuka hadi 4 au karibu yake, kisha watakwama.

Mimina kwenye chupa ya chai, ile ya kutunzia joto, uliyoisuuza kwanza kwa maji yanayochemka. Ijaze hadi karibu na mdomo ili hewa isipate nafasi. Kizibo kikae bila kukazwa, hasa kama umetumia togwa, maana gesi ikikosa pa kutokea itakirusha. Saa 24 baadaye fungua na unuse. Harufu inayotakiwa ni ya mtindi mbichi na ndimu, na pH iwe chini ya 3.8. Ikinuka matapishi, jibini bovu au choo, mwaga. Usiiokoe, usiichanganye na nyingine, mwaga. Haitajirekebisha kwenye sufuria kubwa.

Hatua ya 2: kukamua kimea

Pasha lita 26 za maji hadi nyuzi 69. Tandika mfuko wa neti ndani ya sufuria na umimine kimea huku ukikoroga ili mabonge yasibaki. Joto litatulia kwenye 66. Funika, vika blanketi, acha saa moja. Likishuka chini ya 63, pasha taratibu ukiwa umeinua mfuko usiungue chini.

Inua mfuko, uache uchuruzike, ukamue kwa upole. Utabaki na lita 22 hivi za maji matamu yanayosoma 1.040 kwenye haidromita yakipoa. Mashudu wape ng'ombe au nguruwe.

Hatua ya 3: kuchemsha mara ya kwanza, na kushusha pH

Chemsha dakika 10, bila hopsi. Punje ya kimea inakuja na kundi la vijidudu wa shambani, wakiwamo wale wa jamii ya Clostridium wanaotoa asidi ya butiriki, yenye harufu ya matapishi. Wapunguze kadiri inavyowezekana kabla ya kuwaleta uliowachagua.

Weka sufuria kwenye karai la maji baridi hadi ishuke nyuzi 38. Kama umetumia aluminiamu, sasa hamishia kwenye ndoo safi.

Kisha shusha pH hadi 4.5 kwa asidi laktiki ya asilimia 88. Anza na mililita 5, koroga, pima, ongeza kidogo kidogo. Mara nyingi inafika kati ya 10 na 15. Ukikosa asidi laktiki, asidi sitriki ya unga inafaa, kama gramu 15, kwa mtindo huohuo wa kupima na kuongeza. Wengi hupenda kuiruka hatua hii, na bia nyingi mbovu zinaanzia hapo. Chini ya 4.5 vijidudu wa uchafu wanashindwa kukua, na Clostridium botulinum, anayetengeneza sumu mbaya, hawezi kukua chini ya 4.6. Lactobacillus hawajali. Maji matamu, ya vuguvugu, yasiyo na hopsi, yasiyo na kilevi na yasiyo na asidi ni karamu ya wazi kwa yeyote anayepita. Kushusha pH mapema kunalinda pia protini za povu.

Hatua ya 4: kuwalaza bakteria

Mimina kiamshio chote. Tandaza nailoni ya kufungia chakula juu ya maji yenyewe, iguse uso mzima pasiwe na hewa katikati, kisha funika. Weka ndoo kwenye kapu kubwa au sanduku, izungushie mablanketi na magunia. Joto linalotakiwa kwa plantarum ni 32 hadi 38. Kwa togwa, 38 hadi 42 ni bora, kwa sababu joto hilo linazichosha hamira za porini.

Moshi ya Januari hadi Machi inakusaidia; kapu likifungwa vizuri joto linashuka polepole sana. Juni hadi Agosti, na Arusha zaidi, usiku unauma, na utahitaji kuzungushia chupa za maji ya moto kila baada ya saa 8. Usirudishe ndoo wala sufuria motoni kuongeza joto. Chini panafika 60 kabla juu hapajajua, na bakteria walioko chini wanakufa.

Usifungue kila saa. Kila kufungua ni kuingiza hewa, na hewa inaalika ukungu. Chukua sampuli ya kwanza baada ya saa 18 kwa bomba la sindano lililochemshwa, ukipenyeza pembeni mwa nailoni. Baada ya hapo pima kila saa 6. Mwendo wa kawaida ni kufika 3.8 ndani ya siku ya kwanza, na 3.4 kabla ya saa 48.

Usimamie wapi? Inategemea tunda. Pasheni na ukwaju vinakuja na asidi yao, na hasa pasheni, ambayo maji yake yako karibu na 3. Kwa hayo simamia 3.5. Embe, papai na nanasi lililoiva sana vina utamu ambao hamira itaula wote, na bila uchachu wa kutosha bia inabaki bapa. Nenda hadi 3.3. Onja pia, maana ulimi unahesabu mambo ambayo pH haihesabu, lakini kumbuka kwamba sasa hivi sukari inauficha uchachu. Ukionja ukaona umekaa sawa kabisa, umepita kidogo.

Hatua ya 5: kuchemsha mara ya pili

Rudisha motoni, chemsha dakika 15. Mwanzoni weka gramu 15 za hopsi zenye asidi alfa (ile inayoleta uchungu) asilimia 5. Uchungu utakuwa mdogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu uchungu na uchachu vikizidi pamoja vinakwaruza koo. Zikibaki dakika 10 tia kijiko cha chai cha hamira ya mkate. Hiyo inakufa na kuwa chakula cha hamira ya bia, ambayo inakwenda kufanya kazi mahali pagumu.

Poza haraka kwenye karai, ukibadilisha maji mara mbili tatu na kumalizia na barafu, hadi nyuzi 20. Utakuwa na lita 20 hivi zinazosoma 1.043 au 1.044.

Hatua ya 6: hamira

Kwenye pH 3.4 hamira inapata tabu, na dozi ya kawaida itaanza kwa kusuasua au isianze. Weka mara mbili: pakiti mbili za gramu 11 za hamira kavu ya bia, aina ya ale. Usiinyunyize juu ya maji machachu moja kwa moja. Iloweke kwanza kwenye maji safi ya vuguvugu, mililita 230, nyuzi 30 hadi 35, dakika 20. Kisha ongeza kikombe cha maji machachu ndani yake, subiri dakika 15 izoee, ndipo uimimine yote. Tikisa ndoo dakika mbili. Hii ni mara ya mwisho hewa kuhitajika.

Joto la kuumulia ni 18 hadi 22. Msimu wa joto simamisha ndoo kwenye beseni la maji na uivike taulo lililolowa, ncha zake zikiwa majini, mahali penye upepo. Inashusha nyuzi tatu hadi tano. Anayeweza kupata hamira ya kveik ya Norwei asihangaike na taulo, yenyewe inapenda 30 na kuendelea.

Hamira ya mkate inaumua pia, gramu 15, lakini haitulii chini na inaacha ladha ya unga. Itumie ukikosa kabisa.

Hatua ya 7: pasheni

Siku ya nne au ya tano, vurugu ikitulia, ndipo tunda linaingia. Likiwekwa mwanzoni gesi inayotoka kwa nguvu inabeba harufu yote na kuipeleka nje.

Unahitaji kilo 1.5 za nyama na maji ya pasheni, na hiyo ni kama kilo 4 za matunda sokoni. Chagua yaliyokunjamana. Ganda laini linalong'aa ni zuri kutazama, ila ndani bado kuna ukali mtupu. Ganda lililosinyaa kama kidole kilichokaa majini ndilo lenye harufu, na mara nyingi wauzaji wanalipunguza bei wakidhani umelionea huruma. Pima kwa mkono: lizito kwa ukubwa wake lina maji, jepesi limekauka. Likate, linuse. Likitoa harufu ya pombe tayari, weka kando.

Kwangua kwa kijiko, mbegu zake zikiwemo. Mbegu nzima hazina madhara, ila ukizisaga kwenye blenda uchungu wake unatoka. Pasha hadi nyuzi 72 na uzishikilie hapo dakika 15 huku ukikoroga. Usichemshe, vinginevyo utapata ladha ya jamu na ukungu wa pektini usiotulia. Poza ukiwa umefunika, mimina kwenye ndoo polepole bila kurusha.

Ukitaka embe badala yake, kilo 4 za nyama, bila ganda na bila nyuzi. Ukiligandisha kwanza kwenye friza siku moja linaachia maji vizuri. Nanasi kilo 3. Ukwaju nusu kilo ya nyama isiyo na kokwa, uliolowekwa kwenye maji ya moto na kuchujwa.

Vipande vya tunda vinapanda juu na povu. Vikiziba tundu la gesi kwenye mfuniko, mfuniko unaruka na dari inapakwa. Kwenye tundu hilo tumia mpira mpana, wa sentimita 2, ncha ya nje ikiwa ndani ya chupa ya maji, na uache nafasi ya lita 6 juu ya bia.

Acha siku 7 hadi 10. Kisha hamishia bia kwenye ndoo ya pili, ukiacha mbegu na tope, na itulie siku 3.

Hatua ya 8: chupa

Usiweke kwenye chupa kwa kuhesabu siku. Haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo, kwa kawaida 1.008 hadi 1.010. Sukari ya tunda iliyobaki pamoja na sukari ya chupani inatengeneza gesi kuliko chupa inavyoweza kubeba, na chupa ikipasuka, vioo vyake vinafika machoni. Kilevi kitakuwa asilimia 4.5 hadi 5, na kwa embe zaidi ya hapo.

Chemsha gramu 6.5 za sukari kwa kila lita ya bia kwenye maji kidogo, poza, changanya taratibu. Ongeza gramu 2 za hamira mpya iliyolowekwa, maana ile ya zamani imechoka na asidi. Tumia chupa nene za bia zinazorudishwa na vizibo vipya. Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda. Hiyo ndiyo kipimo chako: ibonye kila siku, na ikiwa ngumu kama soda mpya, nyingine nazo ziko tayari. Kwenye nyuzi 22 ni siku 10 hadi 14.

Inapoharibika

*pH imekwama juu ya 3.8 baada ya saa 48.* Pima joto kwanza. Likiwa chini ya 28, wamelala; wape joto, watarudi. Joto likiwa lilipita 48, wamekufa, weka kiamshio kipya. Joto likiwa sawa, sababu ni mabaki ya hopsi, mabaki ya jiki, au ulitumia mtindi. Kama harufu bado ni safi na umechoka kusubiri, malizia kwa asidi laktiki ya chupa. Ladha inakuwa nyembamba kidogo lakini bia inanyweka.

*Harufu ya matapishi au samli iliyochacha.* Asidi ya butiriki. Ulikosea kuchemsha au kushusha pH. Haiondoki kwa kuchemsha mara ya pili wala kwa matunda.

*Harufu ya mboga iliyooza.* Bakteria wa uchafu walifika kwanza, mara nyingi kwa sababu kiamshio kilikuwa dhaifu. Mwaga.

*Utando mweupe juu wakati wa uchachu.* Nailoni haikugusa maji. Ukiwa mwembamba na harufu ni nzuri, uengue na uchemshe mapema. Ukiwa na manyoya ya kijani au meusi, mwaga.

*Vipovu vingi siku ya kwanza ya uchachu.* Togwa imeleta hamira. Haidromita ikiwa imeshuka pointi chache tu (mfano kutoka 1.040 hadi 1.037), wahi kuchemsha. Sehemu kubwa ya kilevi kilichotoka itapotea na mvuke, na utakuwa umepoteza sukari kidogo.

*Siki.* Hii inakuja baada ya kilevi, bakteria wa siki wakipata hewa. Tazama mfuniko, mpira wa gesi, na namna ulivyohamisha. Asidi ya siki inachoma puani, asidi laktiki haichomi; ndivyo unavyozitofautisha bila kipimo.

*Hamira haianzi baada ya saa 36.* Loweka pakiti nyingine, ipe maji machachu kikombe kimoja kila nusu saa hadi uone povu, ndipo uimimine ikiwa bado inatoa povu.

*Ladha ya siagi.* Bia imetolewa kwenye hamira mapema. Iache siku nne zaidi kwenye nyuzi 22, hamira yenyewe itaisafisha.

Bia ya pasheni inywe ndani ya miezi miwili, kwa sababu harufu ya tunda ndiyo inayokimbia kwanza, uchachu unabaki. Ihifadhi gizani, na siku ya kunywa iache kwenye friji usiku mzima ikiwa wima. Mimina kwa mfululizo mmoja bila kukatiza, na uache kidole kimoja cha mwisho chini pamoja na tope.